Maombi 63, bahasha 412 na daftari la stoo

Kati ya Aprili na Novemba 2022 nilituma maombi 63 ya kazi. Idadi naijua kwa sababu mimi ni mtu wa stoo, na kwangu kitu kisipoandikwa hakipo. Kila nilipopeleka bahasha au kutuma barua pepe niliandika tarehe, kazi yenyewe na pesa nilizotumia kwenye daftari dogo la kurasa 96. Safu ya mwisho niliiita "majibu". Kufikia Novemba safu nzima ilikuwa na maneno mawili tu: "nimechelewa" na "aibu".

Nilikuwa karani kwenye godauni moja ya vyakula Industrial Area, Nairobi, kwa miaka 5 na miezi kadhaa. Machi mwaka huo kampuni ikahamishia mizigo nje ya jiji, na sisi 9 tukapewa barua za kuachishwa kazi. Haki yangu nililipwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na hilo walilitimiza. Nikapiga hesabu nikaona nina kama miezi mitatu ya kuhema. Nilisahau kwamba ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kabla ya Agosti kila nilikobisha hodi niliambiwa tungoje kura zipite kwanza.

CV sikuwa nayo. Ile ya zamani ilipotea na simu. Basi nikaingia saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, pale mjini, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba za kupishana kwa bega. Kijana wa pale akaniuliza bila kuinua macho, "Mathe, ya kazi gani?" Nikasema ya stoo. "Hiyo iko." Akafungua CV ya mtu mwingine, akafuta jina, akaniuliza langu.

Palikuwa na kichwa cha "Lengo la kazi", na chini yake tayari pana sentensi ya Kiingereza kizito iliyosema natafuta taasisi yenye changamoto nitakapotumia vipaji vyangu kwa manufaa ya taasisi hiyo na kwa maendeleo yangu binafsi. Niliisoma mara mbili. Niliipenda mno, hata nikajivunia kana kwamba niliitunga mwenyewe. Tulipofika kwenye mambo ninayoyapenda, aliandika kusoma, kusafiri na kukutana na watu kabla sijafungua mdomo. Safari yangu ya mwisho wakati huo ilikuwa kwenda matangani Kitui.

Ilitoka kurasa 4, na picha yangu kwenye kona. Ndani yake mlikuwa na alama zangu za KCPE, mtihani wa wakati ule wa kumaliza shule ya msingi, dini, nambari ya kitambulisho, kwamba nimeolewa na nina watoto 2. Miaka yangu 5 ya godauni ilipata mistari 3: "Kutunza stoo. Kupokea bidhaa. Kazi nyingine yoyote niliyopangiwa." Nililipa bob 250 za kuandika na bob 10 kwa kila ukurasa wa kuchapa. Akanifungulia pia anwani mpya ya barua pepe, akaandika nywila nyuma ya risiti.

Ile risiti ndiyo iliyozaa neno la kwanza, "nimechelewa". Niliitia kwenye mkoba, mkoba ukabadilishwa, risiti ikaenda na takataka. Nilirudi saiba baada ya wiki kadhaa, tukahangaika na yule kijana mpaka akaunti ikafunguka, nikakuta barua imekaa humo siku 19. Kampuni ilikuwa imeniita kwenye usaili, na tarehe yenyewe ilikuwa imepita. Nilipiga simu. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akaniambia pole, nafasi imejazwa. Kwa hiyo ukisoma haya na barua pepe yako ilifunguliwa na mtu mwingine, ifungue leo kwenye simu yako mwenyewe, na nambari ya kurejesha nywila iwe yako.

"Aibu" ilikuja Julai. Niliitwa kwenye ofisi moja kando ya Mombasa Road. Maswali ya mdomo niliyajibu vizuri, kisha wakanipeleka kwenye kompyuta. CV yangu ilisema mimi ni mahiri wa kompyuta. Hilo nalo lilikuwa la yule mtu aliyefutwa jina. Kule godauni nilijua kuingiza namba kwenye mfumo wa kampuni, basi. Wakanifungulia Eksel yenye orodha ya bidhaa, wakaniomba nijumlishe safu moja na nitenge bidhaa zilizobaki chini ya katoni 10. Nilijumlisha kwa kikokotoo cha simu. Kijana aliyekuwa akinisimamia alitazama pembeni, nadhani kwa kunihurumia, na nafikiri huruma ile ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilishuka ngazi mikono ikitetemeka. Sikupanda matatu, nilitembea kutoka pale mpaka Uwanja wa Nyayo nikijisema.

Baada ya hapo nilifanya ujinga wa mtu aliyekata tamaa. Ujumbe uliingia kwenye simu kwamba nimeteuliwa kwa kazi ya stoo, nitume shilingi 3,000 za faili na vipimo vya afya ili niwekewe nafasi. Nilituma. Nambari ikazimwa kabla hata chai yangu haijapoa. Mume wangu hakunigombeza, ila jioni ile hakusema lolote, na mimi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Pesa za mwaka ule nimeziweka wazi kwenye daftari. Nakala, bahasha, nauli na bando zilikula 9,870. Cheti cha maadili mema cha polisi 1,050, cha CRB cha kuonyesha hali ya madeni yangu 2,200, vyote viwili nilivifanya Aprili kwa sababu nilisikia kila mtu anavifanya. Ongeza zile 3,000 za matapeli. Hiyo ni 16,120, nyumba ikitegemea kipato kimoja, mimi nikiuza viazi karai jioni pale stejini Umoja.

Viazi ndivyo vilivyonifungulia mlango, kwa njia ya kuzunguka. Mteja wangu mmoja alikuwa akifanya usafi kwenye ofisi moja Upper Hill. Akaniambia wanatafuta mtu wa siku 3 wa kupasua bahasha za maombi, 900 kwa siku. Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Afisa wa ajira, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akanionyesha masanduku 2 ya katoni yaliyojaa mpaka mdomoni. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya karani wa stoo.

Nikamwambia, "Mama, hata mimi ni wa stoo." Akacheka. "Pole, dirisha lilifungwa Ijumaa. Lakini vizuri, angalau wewe unajua bin kadi ni nini." Ni ile kadi ya stoo ya kuandikia bidhaa zilizoingia na zilizotoka.

Bahasha zilikuwa 412. Kwa kila moja nilipaswa kupasua, kutoa pini, na kujaza rejista: jina, simu, miaka ya kazi, na alama tatu za ndiyo au la. Tangazo lao lilikuwa limetaka mambo matatu tu: mtu aliyefanya stoo ya vyakula miaka 3, anayeweza kutunza hesabu za bidhaa kwa kompyuta, na aliye tayari kwa zamu ya usiku. Ukigawa saa zetu za kazi, kila bahasha ilipata dakika tatu na nusu hivi, na humo ndani kuna kuhangaika na gundi.

Asubuhi ya kwanza nilisoma kila kitu kwa heshima, maana nilijua bahasha ile imegharimu nini. Kufikia saa nane mchana heshima ilikwisha. Nilikuwa nafungua, naruka ukurasa wa kwanza wote, natafuta kazi ya mwisho ya mtu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha, dini, kabila mara nyingine, shule ya msingi, lengo la kazi. Ninachokitafuta mimi kiko ukurasa wa tatu chini. Mtu mmoja alikuwa ameambatisha nakala za vyeti 14, kikiwemo cha mashindano ya kwaya. Mwingine, najua alikuwa mzuri, niliona ameshafanya stoo miaka 7, lakini hakusema stoo ya nini. Ya vyuma? Ya dawa? Ya unga? Nilimwonyesha afisa. Akasema, "Weka kwenye labda." Rundo la labda lilikuwa refu kuliko yote, na mpaka naondoka hakuna aliyekuwa ameligusa.

Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, nikafungua bahasha moja nikakutana na ile sentensi. Taasisi yenye changamoto, vipaji vyangu, maendeleo yangu binafsi. Neno kwa neno. Masikio yalinipata moto. Nikaiweka. Baadaye nyingine. Mpaka jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimehesabu 11, na kadhaa kati ya hizo wote wanapenda kusoma, kusafiri na kukutana na watu. Afisa alipita nyuma yangu, akatazama mbili nilizoziweka pamoja, akasema, "Hawa wamelala nyumba moja?" Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba mimi ni wa 12.

Nilimwambia mwishoni, tukinywa chai ya kumaliza kazi. Nilitoa yangu kwenye mkoba, nikaiweka mezani. Aliisoma haraka kama nilivyokuwa nikiwasomea wenzangu, akaifunika, akaniuliza, "Dada, ukifika kazini asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Kwamba lori za kwanza zinaingia saa kumi na mbili na nusu, lori 6 mpaka 8 kwa siku. Kwamba huwezi kusaini delivari kabla hujafungua turubai na kuhesabu mwenyewe, kwa sababu katoni za katikati ya paleti ndizo huibwa. Kwamba tulikuwa na aina 380 za bidhaa, na tatizo kubwa lilikuwa maji ya matunda kupitwa na muda, kwa sababu vijana wa foklifti wanapakia kwanza kilicho karibu na mlango. Basi nikaanza kuandika mwezi wa mwisho wa matumizi kwa chaki nyekundu, tarakimu kubwa kama kichwa, na zinazokaribia kuisha ndizo zinasogezwa mlangoni. Tulikuwa tunatupa katoni 70 hivi kwa mwezi. Baada ya nusu mwaka zikawa chini ya 20.

Aliniacha nimalize. Kisha akagonga CV yangu kwa kalamu. "Hayo yote uliyoniambia, hapa yako wapi?"

Hayakuwemo. Nilikuwa nimelipa bob 250 yaachwe nje.

Kuanzia usiku ule nilianza upya, na sikuanza kwa Kiingereza. CV zetu hapa Nairobi huandikwa kwa Kiingereza, na nadhani hapo ndipo wengi tunapopotelea: tunaanza kutafuta maneno ya kifahari kabla ya kujua tunasema nini. Nilimketisha mume wangu, nikamweleza kazi yangu kama nilivyomweleza yule afisa, naye akaandika nyuma ya kalenda. Kisha mpwa wangu aliyeko chuo akanisaidia kuyahamisha maelezo hayo kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kila moja ikianza na kitendo: nilipokea, nilihesabu, nilipunguza, nilifundisha. "Kutunza stoo" ikawa "Nilitunza kumbukumbu za aina 380 za bidhaa na kuhesabu mali kila Ijumaa." Ile ya chaki ikapata mstari wake.

Namba hizo sikuzitoa hewani. Makaratasi ya kampuni niliyaacha kwa kampuni, lakini nilikuwa na kaunta buku langu la binafsi, jalada limefungwa kwa selotepu, nililoandikia hesabu ndogondogo kila siku. Nilimpigia msimamizi wangu wa zamani kumuuliza kama naweza kuzitaja. Akasema taja, ila usitaje wateja. Simu hiyo ilinifichulia jambo jingine. Nilikuwa nimemweka kuwa mdhamini kwenye maombi yote 63, na nambari niliyoandika aliiacha kitambo. Mdhamini wangu wa pili alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwema, ambaye aliniambia kuna siku alipigiwa akaulizwa kuhusu mimi kwa jina la kwenye kitambulisho akajibu hamjui. Yeye ananijua kwa jina la mwanangu. Nilimtoa, nikamweka dereva mkuu wa lori tuliyesainiana delivari miaka 4, na wote wawili nikawapigia kabla ya kuwaandika.

Nilifuata pia cheti cha huduma. Wengi hatukijui. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri akupe unapoondoka, iwapo umefanya kazi wiki 4 au zaidi, kikionyesha ulianza lini, uliacha lini, na kazi yako ilikuwa nini. Barua ya kukusifu si lazima akupe, lakini hiki ni haki yako. Changu kilipotoka nikaona nilianza Oktoba 2016, mimi kwenye CV nilikuwa nimeandika Agosti. Miezi 2 tu, lakini mtu wa kuajiri akiona tarehe hazilingani hatakupigia akuulize ulikosea vipi.

Vitu nilivyotupa: picha, dini, ndoa, watoto, nambari ya kitambulisho, KCPE, lengo, mambo ninayoyapenda. Kuna waliosema ukiacha ndoa na watoto utaonekana unaficha. Katiba yenyewe, Kifungu cha 27, inakataza kubaguliwa kwa ndoa, ujauzito, dini au kabila; sasa kwa nini nimpe mtu silaha bure? Zikabaki kurasa 2. Ile miezi ya viazi sikuificha. Niliandika mstari mmoja: biashara ndogo ya chakula, hesabu za kila siku. Ni kweli, na pengo la miezi 8 lisilo na maelezo huwafanya watu wajijazie wenyewe.

Kompyuta ilinichukua wiki 5, jioni, kwenye laputopu ya mpwa wangu. Sikuandika tena "mahiri". Niliandika ninachoweza: kujumlisha, kupanga, kuchuja orodha. Mpwa akanifundisha na jambo moja la maana kwa wanaotuma kwa intaneti. Kampuni kubwa nyingi huwa na programu inayosoma CV kabla ya mtu, na ile yangu ya saiba yenye majedwali na masanduku ya rangi ilikuwa inasomeka vurugu. Kipimo chake ni rahisi: nakili maandishi yote ya CV yako, yabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Kama tarehe zimeruka na kazi zimechanganyika, huenda hata programu ikaona hivyohivyo. Niliondoa majedwali yote. Faili nikaipa jina langu na kazi ninayoomba. Hapo awali ilikuwa ikiitwa "CV mpya mwisho 3".

Tangazo nililisoma sasa kama nilivyojaza ile rejista. Kila wanachotaka nilikipigia mstari, nikahakikisha jibu lake liko nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno yaleyale waliyotumia wao. Kama wametaka zamu ya usiku, nilisema niko tayari kwa zamu ya usiku. Kama kati ya mambo matano nina mawili, sikutuma. Hilo liliniokolea nauli nyingi kuliko ushauri wowote.

Kati ya Desemba na katikati ya Januari nilituma 14. Niliitwa 4. Moja haikufaa, na nyingine walitaka mtu mwenye leseni ya foklifti na hawakuandika hivyo kwenye tangazo, wakanipotezea siku. Ya tatu hawakunichukua wala sijui sababu. Ya nne ilikuwa godauni ya vyakula upande wa Embakasi. Meneja alikuwa na CV yangu mbele yake, na ule mstari wa katoni 70 ulikuwa umezungushiwa duara la kalamu ya bluu.

"Hii ulijuaje?" akauliza. "Nani alikuhesabia?"

Nilikuwa nimebeba kaunta buku. Nililitoa, nikamfungulia mwezi wa mwanzo na mwezi wa sita. Alipekua muda mrefu bila kusema, akanusa ukurasa mmoja uliomwagikiwa juisi, akacheka. Tulizungumza juu ya chaki na vijana wa foklifti kwa dakika 40. Eksel walinipa pia. Nilijumlisha, nikachuja, nikamaliza kabla ya muda.

Mshahara ulikuwa pungufu ya ule wa zamani kwa shilingi 4,000. Nilikubali. Nilitakiwa kuanza Jumatatu tarehe 6 Februari, nikiwa na cheti cha maadili mema. Nikatoa kile cha Aprili, nikijipongeza kwa kuwa nacho tayari. Binti wa ofisi akakitazama tarehe. "Mama, sisi tunataka kisichozidi miezi sita."

Kwa hiyo nikalipa 1,050 tena kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa haraka nikachapa fomu ya alama za vidole kwenye karatasi mbili, nikarudishwa kwenye foleni, kwa sababu fomu hiyo, C24, hutakiwa karatasi moja, mbele na nyuma. Nikaingia saiba ya karibu kuchapa upya. Mhudumu akaniuliza kama ningependa anitengenezee na CV, iko tayari, nibadilishe jina tu.